Watu Wakirudi na Flashi: Nilichojifunza Laibrari ya Muvi

Miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye laibrari ya muvi hapa Morogoro, mwanzoni tulikuwa tunakodisha sidii na baadae mambo yakahamia kwenye flashi, mteja anakuja na flashi yake anakwambia dogo niwekee kitu cha maana, mi namuuliza maswali mawili matatu namjazia anasepa. Ukiitazama kwa nje ni kazi ya kukopi na kupesti tu. Ila mi naipenda mpaka leo na sababu yangu ni moja, nilikuwa naona watu wanavyorudi. Maana mtu akiangalia sirizi yuko kwake kajifungia, humuoni, lakini asubuhi akija kufuata sizoni inayofuata uso wake unasema kila kitu kabla hajafungua mdomo. Wapo waliokuja macho mekundu hawajalala, wapo waliokuja wamekasirika kabisa wanataka kugombana na mimi kama vile mi ndo niliyeiandika ile stori, na hao wenye hasira ndo niliwapenda kuliko wote.

Naandika hii kwa sababu kuna maneno nimeyasikia sana na yananikera, kwamba Mbongo ukitaka kumpendeza mpe ngumi na bastola inatosha, hizi kazi nzito zinazosifiwa dunia nzima na kuzoa matuzo ni za wasomi na watu wa mjini waliosoma sana. Mi nabisha. Nimekaa nyuma ya ile meza nimewaona, fundi cherehani, bodaboda, mama wa genge, mzee mstaafu, hao ndo watazamaji wakali kupita wote kwa sababu hawaangalii ili waonekane wameangalia. Na tusisahau watu hawa walishafundishwa kusikiliza stori zamani sana, waliokaa kwenye vibanda vya video wakimsikiliza Lufufu au DJ Mark akitafsiri muvi mwanzo mwisho, yule mtu hakuwa anatafsiri tu, alikuwa anakuelezea huyu ana wivu, huyu anaficha kitu, huyu usimwamini, sasa mtu aliyelelewa hivyo utamwambia nini kuhusu stori.

Tuanze na staringi. Kila aliyekulia huku anajua sheria, staringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atadumbukizwa mtoni, ila mwisho anainuka. Sasa 2011 ikaja Game of Thrones, sizoni ya kwanza episodi 10, na watu wote wakamshika Ned Stark kuwa ndo staringi kwa sababu ana heshima, ana familia, anasema ukweli, halafu episodi ya 9 anakatwa kichwa mbele ya umati na binti zake wawili wapo palepale. Asee. Kuna bodaboda mmoja alikuja na ile flashi akaiweka mezani kwa nguvu akasema kaka umeniwekea vitu vimechanganyika, huyu jamaa amekufa, hii itakuwa ni muvi nyingine imeingia humo. Nikamwambia hapana bro, ndo yenyewe. Akakaa kwenye benchi pale nje kama anasubiri matokeo ya mtihani, kimya, wateja wanaingia wanatoka, halafu akarudi akaniuliza sasa nani anabaki? Nikamwambia bado episodi moja na kuna sizoni ya pili. Akasema weka. Toka siku hiyo yule jamaa hakutaka tena muvi ambayo staringi wake ana uhakika wa kupona, anasema haina presha, unaangalia huku unachat.

Na kuna mzee mmoja mstaafu wa kiwandani, mtu mzima wa Kiluguru, mtaratibu sana, yeye alikuwa anaangalia na mjukuu wake anayemsomea sabtaito. Walipofika sizoni ya tatu kwenye ile harusi, 2013 hiyo, Robb Stark mtoto wa Ned na mama yake na mke wake mjamzito wanauawa ukumbini kwa Walder Frey, mzee alikuja dukani mwenyewe siku hiyo. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba halafu akaniuliza, yule amewakaribisha kwake, wamekula mkate wake na chumvi yake, halafu anawachinja mezani? Yaani damu haikuwa shida yake kabisa, alishaona vita za kutosha mle ndani, kilichomuuma ni mgeni kuuawa baada ya kula. Na mi nikaelewa kitu pale, kwamba walioitunga ile scene walijua wanachofanya, walitaka uanze kuumia kwenye ile chumvi kabla upanga haujatoka, na mzee wangu huyu alipigwa palepale walipolenga. Alisema hataki kuiona tena. Ila kila sizoni mpya ikitoka anamtuma mjukuu aulize kitu kimoja tu, yule Frey bado yupo? Miaka mitatu mzee anasubiri, mpaka 2016 Arya, binti wa Ned, alipomlisha yule mzee nyama ya wanae halafu akamkata koo, na mwaka uliofuata akawamaliza wale wanaume wengine wote wa ukoo kwa sumu. Mzee aliomba awekewe hizo sehemu mbili tu.

Mwisho wa ile sirizi 2019 watu wengi walikasirika, Daenerys kuchoma mji mzima, Bran kuwa mfalme, kila mtu na lake. Mi naona sizoni ya nane ilikimbizwa, episodi 6 kwa mambo yote yale ni kidogo. Ila hebu fikiria, mtu anagombana na jirani yake barabarani kuhusu nani alistahili kukaa kwenye kiti cha enzi cha nchi ambayo haipo. Kitu kibovu hakigombaniwi hivyo.

Nikija kwa akina mama, hapo mfalme alikuwa Jumong. Episodi 81 za Kikorea, ilitoka kwao kati ya 2006 na 2007, na hapa kwetu ilizunguka miaka mingi baadae bado inaombwa. Wengi wanadhani waliipenda kwa sababu ya farasi na mishale. Wapi. Ugomvi mkubwa ulikuwa ni wa wake. Maana Jumong alikuwa anampenda Soseono, wakatenganishwa, akaoa Yesoya, huyo Yesoya akapotea na mimba ikaaminika amekufa, Jumong na Soseono wakaja kuoana na kusimamisha ufalme pamoja, mara Yesoya kumbe mzima na ana mtoto wa kiume mkubwa tu. Hapo sasa. Pale dukani nilisikia mijadala ambayo sijawahi kuisikia popote, mama mmoja anayeuza vitenge alikuwa anamtetea Soseono, anasema huyu ndo alitoa mali na watu wake, bila yeye hakuna ufalme, na mwingine, ambae yeye mwenyewe ni mke mkubwa kwenye ndoa ya wawili, anasema aliyetangulia ametangulia, kupotea hakumuondolei haki yake. Walibishana taratibu, kwa adabu, kila mmoja na sababu zake, na Soseono alipoamua kuondoka na wanae wawili kwenda kusini ili watoto wasije kuuana kwa ajili ya kiti, yule mke mkubwa ndo aliyelia. Alisema mwanamke yule ana akili kuliko mfalme. Mi nilikuwa kijana sina hata mchumba, nilijifunza mambo ya ndoa pale kuliko kwenye semina yoyote.

Lakini kama kuna sirizi nilijifunza nayo kuhusu watu basi ni Breaking Bad na hapa mniache niongee. Ilianza 2008 ikaisha 2013, sizoni 5, episodi 62, mwalimu wa kemia kule Albuquerque Marekani anaambiwa ana kansa ya mapafu anaanza kupika madawa ya kulevya ili aiachie familia hela. Vince Gilligan aliyeitunga alikuwa wazi kabisa kwamba lengo ni kumchukua mtu wa kawaida unayempenda umgeuze jambazi taratibu mbele ya macho ya mtazamaji. Sasa mi nikagundua kila mteja alikuwa na mahali pake pa kumuacha Walter White, na mahali pale panakwambia yule mteja ni nani. Nikawa nauliza kabisa, wewe ulimuacha wapi?

Fundi cherehani mmoja, dada wa makamo ana binti wa shule, yeye alimuacha sizoni ya pili, pale yule msichana Jane anapaliwa na matapishi usingizini na Walter amesimama anaangalia tu na angeweza kumgeuza. Alisema alizima tivi. Akaniambia mtoto wa mtu yule, ana baba yake yule, na kweli mtungaji alikuwa amemuweka baba yake Jane episodi hiyohiyo kaunta ya baa anaongea na Walter kuhusu mabinti, bila kujuana. Mwingine ana duka la dawa muhimu, yeye alivumilia yote mpaka mwisho wa sizoni ya nne alipojua mtoto Brock alilishwa sumu ya ua kwa mpango wa Walter, akasema sumu kwa mtoto hapana, biashara imeisha. Na yule bodaboda wangu wa Ned Stark yeye alibaki na Walter mpaka sizoni ya tano kwenye lile tukio la treni, wameiba vizuri bila kumuumiza mtu, wote wanashangilia, na sisi tunashangilia, halafu wanageuka kuna kitoto kipo kwenye pikipiki kinawaangalia, na Todd, mmoja wao, anakipiga risasi. Mi nadhani ni ile pikipiki iliyomuuma. Akasema mbaya zaidi ni Walter anamwambia Jesse, kijana anayepika nae, na mimi sipati usingizi kwa ajili ya yule mtoto, dakika chache baadae anapiga mluzi akiwa kazini. Hicho kimluzi wengi hawakukisikia, bodaboda wa Morogoro alikisikia. Halafu uniambie hawa watu wanataka ngumi tu.

Aliyemuacha mapema kuliko wote alikuwa mwalimu wa sekondari, anafundisha kemia kweli, na mimi ndo nilimlazimisha aichukue kwa sababu hiyo. Alirudi siku ya pili ametulia sana. Kilichomshika ni ile episodi ya kwanza kabisa, Walter akitoka darasani anaenda kufanya kazi ya pili kwenye kuosha magari, anainama anasugua tairi na mwenye gari ni mwanafunzi wake, anapigwa picha huku anachekwa. Mwalimu alisema aliisimamisha pale akatoka nje kwanza. Yeye mwenyewe jioni anafuga kuku anauza mayai, na wanafunzi wake wanayanunua, hana shida nalo ila alisema anaijua ile hali ya kuonwa. Ndo maana nilitegemea atamtetea Walter mpaka mwisho, lakini wapi, alimuacha kwenye episodi ya 5 tu ya sizoni ya kwanza, pale rafiki yake wa zamani mwenye hela anajitolea kulipia matibabu yote na Walter anakataa. Akasema dogo, pale hakuna tena suala la familia, familia imeshapata hela, kinachobaki ni kiburi cha mtu. Na sirizi nzima ilikuja kumthibitishia, episodi ya mwisho Walter mwenyewe anakiri kwa mke wake kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe. Mwalimu aliona hilo episodi 57 kabla.

Mi mwenyewe sikumuacha kirahisi, na scene ninayoiweka juu ya zote ni ile simu kwenye episodi inayoitwa Ozymandias, Septemba 2013, Walter anamtukana mkewe vibaya sana na polisi wamekaa pembeni wanasikiliza, na machozi yanamtoka. Anamtukana ili polisi wajue mke hakuhusika. Lakini kuna watu walinibishia, wakasema matusi yale yalikuwa ya kweli pia, kajificha kwenye uongo akasema ya moyoni. Nimeiangalia tena na tena na naona wote tuko sahihi, na hicho ndo kinanifanya nimheshimu sana Bryan Cranston aliyemuigiza Walter, sura moja inabeba vitu viwili vinavyopingana na huwezi kukamata kipi kinaishia wapi.

Yule mwalimu baada ya hapo nikampa The Wire. Hii iliisha 2008 na episodi zake 60, ni stori ya polisi na wauza madawa mji wa Baltimore Marekani, na haikuwahi kupata hata Emmy moja, ile tuzo kubwa ya tivi ya kwao, jambo ambalo linanifanya nisiyaamini matuzo sana. David Simon aliyeitunga alikuwa mwandishi wa habari kwenye mji uleule na mwenzake Ed Burns alikuwa polisi halafu akawa mwalimu, ndo maana inanukia ukweli. Ni nzito kuanza, Kiingereza chake cha mtaani hata sabtaito inahangaika, wengi walinirudishia baada ya episodi mbili na sikuwalaumu. Mwalimu nilimwambia vumilia ufike sizoni ya nne. Sizoni ya nne ni shule, wavulana wanne, na mmoja anaitwa Dukie ananuka kwa sababu nguo kwao zinauzwa na wazazi walevi wa madawa, na mwalimu wake Prez kimyakimya anampangia aoge shuleni na anamfulia nguo. Mwalimu alikuja akaniambia Dukie ninae, yupo kidato cha pili. Hakusema zaidi, na mi sikuuliza.

Parasite, ile muvi ya Kikorea, sitaongea sana maana ilisifiwa mpaka basi, muvi ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupewa Oscar ya muvi bora, Februari 2020. Ila kuna mteja aliyehamia huku kutoka Dar, kwao ilikuwa Jangwani wakati wa mafuriko ya Desemba 2011, alivyoona ile mvua imejaza nyumba ya akina Kim, ile familia maskini, mpaka choo kinarusha maji machafu juu, na kesho yake yule mama tajiri yupo kwenye gari anaisifia mvua imesafisha hewa, dereva ambae ni baba Kim anamsikia ananyamaza, basi aliniambia Bong Joon-ho aliyeiongoza amewahi kuishi bondeni yule. Hakuwa na maelezo mengine na kwa kweli hayahitajiki.

Komedi ni habari tofauti. Mtu wa drama anarudi anaongea, mtu wa komedi anarudi anaigiza. Mr Bean zipo episodi 15 tu za watu halisi, achana na katuni, na hakuna siku ilipita bila mtoto kuomba, na hata watu wazima, kuna fundi seremala alikuwa anaingia anasimama katikati ya duka anafanya ile ya kanisani, Bean anasinzia mpaka anateleza chini, halafu wimbo hajui anasubiri ile haleluya tu aibuke kwa sauti ya juu. Rowan Atkinson anayemuigiza Bean hajaongea hata sentensi nzima na duka zima limeelewa. Watu wanaoidharau komedi sijui wanatumia kipimo gani, kumchekesha mtu usiyejua lugha yake ni kazi ngumu mno. Na kwetu alikuwepo King Majuto, mzee wa Tanga, alipofariki Agosti 2018 watu walijaa pale wanataka kazi zake, wengine hawakuwa hata na flashi, wamesimama tu wanaangalia kwenye tivi ya duka, na kinachofanyika ni kucheka, msiba na kucheka kwa wakati mmoja, sijawahi kuona hadhira ya hivyo tena.

Siku hizi laibrari zimebaki chache, watu wana bando na simu, na mi nafanya mambo mengine. Ila ndugu na majirani bado wananiuliza nianze na ipi, na jibu langu kwa mtu asiye na muda ni Chernobyl ya 2019, stori ya mtambo wa nyuklia uliolipuka Urusi ya zamani, yaani Umoja wa Kisovieti. Ni episodi 5 basi. Nilimpa fundi umeme mmoja nikiwa na uhakika ataipenda, akaja kufuata sizoni ya pili na nikamwambia haipo, imeisha, hakuamini. Kilichompagawisha ni episodi ya mwisho, mahakamani, mwanasayansi Legasov anaeleza kwa vibao vyekundu na vya bluu jinsi mtambo unavyopanda na kushuka moto, na kwa nini kile kitufe cha kuzima ndo kilichoulipua usiku ule wa tarehe 26 Aprili 1986, kwa sababu ncha za zile fimbo zilikuwa za grafaiti na waliozijua hatari zake walinyamazishwa. Fundi alichukua vifuniko vya soda pale mezani akanipanga upya somo zima, wateja wengine wakasogea, mmoja akaanza kumuuliza kuhusu transfoma ya mtaani kwao. Wengine hawataki hata kusikia habari ya fizikia, wao ni wale vijana wa juu ya paa wenye sekunde 90 tu za kutupa mabaki yenye mionzi kwa koleo halafu wanatakiwa washuke. Jioni mbili unaimaliza. Ukifika kwenye paa nitafute, kuna kitu kwenye ile scene nataka tubishane.